Mistari kwenye zulia: pima nozeli kabla hujanunua pampu

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi kijana wako wa Mbeya, naosha mazulia ya gesti, ofisi na makanisa. Natumia mashine ya mtumba, ile inayonyunyiza maji na kuyavuta palepale. Mkono wake una mdomo wa sentimita 30 na nozeli mbili, ziko kama sentimita 8 juu ya zulia. Moja ni ya brasi, imeandikwa 9502. Ya pili ilivunjika, nikaenda duka la pembejeo nikapata nyekundu ya plastiki, ya bomba la kupulizia viazi, imeandikwa 11004. Iliingia vizuri tu kwenye kofia yake. Geji inasoma 150 PSI. Tangu hapo zulia likikauka linabaki na mistari, na kwa baridi hii linakaa siku mbili halijakauka, chumba kinanuka. Shemeji anasema presha ni ndogo, tuchange ninunue pampu ya 400 PSI. Ni kweli?"

Marahaba kijana wangu, na kamwene kutoka Iringa. Mwambie shemeji pesa yake aitunze kwanza. Pampu hiyo ukiifunga leo, zulia litakaa siku tatu badala ya mbili, na mistari itabaki palepale. Ugonjwa wako uko kwenye ile nozeli nyekundu, na umefanya jambo la maana sana kuniandikia namba zake, maana namba hizo zinasema karibu kila kitu.

Namba ya nozeli inasomwa vipande viwili. Mwanzo ni pembe ambayo maji hufunguka yakitoka, mwisho ni kiasi cha maji. Kwa hiyo 9502 ni pembe ya digrii 95, na ile 02 maana yake ni galoni 0.2 za Kimarekani kwa dakika, presha ikiwa 40 PSI. Kwa vipimo tulivyozoea, hiyo ni karibu lita 0.8 kwa dakika kwenye presha ya bar 3. Yako nyekundu ni pembe ya digrii 110, na 04 ni mara mbili ya 02: lita 1.6 kwa dakika kwa presha ileile. Hata rangi yake si ya urembo. Kwenye nozeli za shambani rangi inafuata utaratibu wa kimataifa: njano ni 02, bluu 03, nyekundu 04. Mkulima wa Uyole anayejua kazi yake hukisia maji yatakayotoka kwa kutazama rangi tu. Wewe umefunga 02 kulia na 04 kushoto, halafu unashangaa zulia lina pande mbili.

Mashine yako iko kwenye 150 PSI, yaani kama bar 10, si bar 3, kwa hiyo tupige hesabu ya hapo. Hapa ndipo shemeji anapoteleza, na wengi huteleza naye. Presha ikiongezeka mara mbili, maji hayaongezeki mara mbili. Yanafuata kipeuo cha pili cha presha. Ukitaka nozeli itoe maji mara mbili, presha lazima ipande mara nne. Kwa 150 PSI ile ya brasi inatoa karibu lita 1.5 kwa dakika na nyekundu karibu lita 3. Jumla unamwaga lita nne na nusu kila dakika unapobana kishikio, wakati aliyeiunda mashine ile alikusudia tatu. Ukifunga pampu ya 400 PSI bila kugusa nozeli, utamwaga zaidi ya lita 7. Mota ya kuvuta ni ileile. Nani atayarudisha hayo maji?

Swali hilo la nani atayarudisha ndilo ningependa ulale nalo. Nozeli haifanyi kazi peke yake, ina mwenzake, ule mwanya wa kuvuta ulio mbele yake. Mmoja anatoa, mwingine anarudisha. Ukimwongezea nguvu anayetoa ukamwacha anayerudisha, maji yanayobaki yanakwenda kwenye kitako cha zulia, kwenye gundi, mpaka kwenye saruji ya chini. Sisi watu wa nyanda za juu tunajua saruji ya mwezi wa saba ilivyo. Maji yakishafika pale hayana haraka ya kuondoka.

Sasa twende kwenye mistari. Chukua karatasi uchore mdomo wako wa sentimita 30, uweke nozeli mbili, kila moja katikati ya nusu yake, yaani sentimita 7.5 kutoka ukingoni. Zote ziko sentimita 8 juu ya zulia. Nozeli ya digrii 95 kwa kimo hicho inafungua maji upana wa sentimita 17 na nusu hivi. Inafunika nusu yake ya mdomo, inaingia kidogo upande wa jirani, na nje ya mdomo inatoka sentimita moja tu na kitu. Huo ndio usanifu mzuri: nozeli hizi hutoa maji bapa yanayofunguka kama ufagio wa chelewa, mengi katikati, na yanapungua kuelekea pembeni. Ndiyo maana jirani wawili lazima wapishane kidogo katikati, pembe hafifu ya huyu ijazwe na pembe hafifu ya yule.

Weka nyekundu mahali pa mwenzake. Digrii 110 kwa kimo kilekile inafungua karibu sentimita 23. Upande wa nje inapita ukingo wa mdomo kwa sentimita nne. Hizo sentimita nne zinalowa kila unapovuta mkono, na mwanya wa kuvuta haupiti juu yake. Njia inayofuata ukiipanga vizuri utazipitia, lakini nayo inamwaga sentimita nne zake mbele, na ukifika ukutani hakuna njia inayofuata. Nadhani ukikumbuka vizuri, harufu ya chumba inaanzia pembeni mwa kuta. Sijafika kwenye gesti hiyo, lakini niko tayari kubisha.

Kwa nini mstari mweusi basi, wakati huko ndiko kulikopata maji mengi? Wateja hufikiri weusi ni mahali ambapo hapakuoshwa. Mara nyingi ni kinyume chake. Maji yakibaki chini ya zulia yamebeba uchafu ulioyeyuka. Zulia linakauka kuanzia ncha za nyuzi, huku juu ambako hewa ipo, kwa hiyo maji ya chini yanapanda kufuata nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Yakifika nchani yanageuka mvuke na kuondoka, uchafu hauna pa kwenda. Unamwachia mteja zulia safi jioni, asubuhi linakuwa na mistari, naye anasema umemchezea. Kwa hiyo ukiona mstari, usikimbilie kuongeza sabuni na maji pale. Pitisha mdomo mkavu bila kubana kishikio, mara mbili, mara tatu, taratibu.

Nirudi kwa shemeji, maana hoja yake si ya kipuuzi. Tukiona maji ya kuoshea magari yanavyong'oa tope la Mwanjelwa kwenye bodi, tunadhani zulia nalo litatii hivyohivyo. Tupime. Nozeli yako ya 02 kwa 150 PSI inasukuma zulia kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 110 hivi. Hiyo ni nyanya moja ya Ilula, ya wastani. Tena nyanya hiyo umeipondaponda ukaitandaza kwenye ukanda wa sentimita 17. Ukipandisha mpaka 400 PSI unapata uzito wa nyanya tatu, hazijatimia vizuri, na gharama yake ni maji zaidi ya nusu tena juu ya yale ya mwanzo. Gari lina bati, maji yanateremka chini. Zulia ni sponji.

Mjerumani mmoja, Herbert Sinner, mwaka 1959 aliweka kazi yote ya kusafisha katika mambo manne: dawa, joto, muda na msuguano. Kimoja ukikipunguza, kingine lazima kifidie. Mafundi wengi wa mjini wanajua kimoja tu, msuguano wa presha, nao ndio dhaifu kuliko yote kwenye zulia. Muda haununuliwi. Nyunyiza dawa yako kwanza, iache dakika kumi, usiache ikauke, pitisha brashi, ndipo ulete mashine. Hapo nozeli inabaki na kazi ya kusuuza tu, na kazi ya kusuuza haitaki ubabe, inataka usawa.

Presha kubwa ina ubaya mwingine ambao huku kwetu unauma zaidi. Maji yakisukumwa kwa nguvu kwenye tundu dogo lenye pembe pana, yanapasuka kuwa matone madogo sana, karibu ukungu. Tone dogo linapoa haraka. Ukijaza tangi maji ya nyuzi 60 Mbeya asubuhi ya kipupwe, ukayatoa kama ukungu sentimita 15 juu ya zulia, yanayofika chini ni ya vuguvugu. Na huwezi kufidia kwa kuyachemsha zaidi: kwa mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94, na zulia la sufi au la gundi halitaki hata kuukaribia moto wa namna hiyo. Nozeli iliyo karibu na zulia, yenye pembe ya wastani, inakupa matone mazito yanayofika na joto lake. Ndiyo maana mimi sipendi pembe za digrii 110 kwenye mkono wa mashine, labda pale mdomo unapokuwa na nozeli moja tu na huna namna nyingine ya kuufunika.

Haya sikuyapata darasani. Miaka ya nyuma nilikuwa na zulia la ukumbi mmoja Njombe, mwezi wa sita, lenye kitako cha katani. Mimi na kiburi changu, nimefunga nozeli kubwa na presha juu kabisa, maji yanatoka unasikia raha. Nikamaliza saa kumi na moja jioni, nikafunga madirisha kwa sababu ya baridi, nikaenda kulala. Asubuhi zulia lote limegeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa mabaka. Nyuzi za katani na nyinginezo za mimea zikikaa na maji muda mrefu zinatoa rangi yake ya kahawia, nayo inapanda juu kwa njia ileile ya utambi. Nilirudia kusuuza kwa maji yenye siki kidogo, ikapungua, haikuisha. Mwenye ukumbi alinilipa nusu na sikuwa na mdomo wa kumdai nyingine.

Kabla hujanunua chochote, fanya vipimo viwili. Havina gharama.

Cha kwanza ni cha chupa. Tafuta chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zikate shingo, tia alama za mililita kwa kikombe cha kupimia cha jikoni. Washa mashine, soma geji maji yakiwa yanatoka (ukiisoma maji yamefungwa itakudanganya, itasoma juu). Ingiza kila nozeli kwenye chupa yake, bana kishikio kwa sekunde 20 ukitazama saa ya simu. Ya brasi kwa 150 PSI ikupe karibu nusu lita. Ikipungua kidogo usishtuke, mpira mrefu na mwembamba unakula presha njiani. Lakini ikifika mililita 540 na zaidi, imelika. Kanuni ya mafundi wa nozeli ni asilimia 10: ikitoa zaidi ya hapo kuliko mpya, itupe. Tundu la nozeli ya 02 halifiki milimita moja, kwa hiyo mchanga mdogo tu ukipita kila siku unalipanua, tena haulipanui kwa usawa, unalila upande. Brasi inalika upesi, stenlesi inadumu zaidi. Na nyekundu utaona inakaribia lita nzima kwa sekunde hizohizo 20. Hapo ndipo utaniamini.

Cha pili ni cha sakafu. Tafuta saruji kavu, kibaraza au stoo. Shikilia mkono katika mkao wako wa kazi, kimo kilekile, bana kishikio nukta moja tu uachie. Kisha chuchumaa utazame kabla haijakauka. Nozeli nzima inaacha mstari ulionyooka, mweusi wa maji katikati, unaofifia taratibu pande mbili. Nozeli iliyoziba inaacha mstari wenye pengo, kama mtu aliyeng'oka jino. Iliyolika inaacha mstari wenye uvimbe upande mmoja. Na kama siku moja utauziwa nozeli ya bomba la mgongoni isiyo bapa, ile inayozungusha maji, itakuachia duara: pembeni kumelowa, katikati kukavu. Ile inafaa kuingiza dawa ndani ya majani ya viazi, kwenye zulia ni balaa. Angalia pia kama mistari miwili inagongana uso kwa uso katikati. Maji yakigongana angani yanadondoka kama tone nene sehemu moja. Geuza nozeli zote mbili kidogo, digrii tano mpaka kumi, zielekee upande mmoja, zipishane bila kugusana.

Ukishapata picha ya sakafu, nunua nozeli mbili za namba moja, siku moja, za aina moja. Usifunge mpya na ya zamani. Kwa mota ya kuvuta ya mashine ndogo kama yako, mbili za 9502 zinatosha kabisa, na kama zulia ni jembamba la ofisi ningeshuka mpaka 95015, yaani galoni 0.15. Wapo watakaokuambia ufunge mkono wenye nozeli nne ndogo, na wana hoja: nozeli nyingi zenye pembe ndogo, zikikaa karibu na zulia, zinagawa maji kwa usawa kuliko mbili, na joto halipotei. Ila matundu yake yanakuwa madogo zaidi, kama milimita 0.7 kwa ile ya 01, na kwa vumbi letu la Agosti utashinda unazibua badala ya kuosha. Kwa Mbeya nabaki na mbili. Ukipata kazi kwenye hoteli zenye maji yaliyochujwa tutaongea upya.

Kuziba nako kuna adabu yake. Sindano, waya wa spoku, njiti ya pini, vyote marufuku. Ukikwaruza mdomo wa tundu mara moja, umeshabadilisha umbo la maji maisha yake yote. Tumia mswaki wa zamani na pumzi yako, ukipuliza kutoka upande wa nje kuelekea ndani. Kama ni ukoko mweupe wa chokaa, loweka kwenye siki usiku mmoja. Wanaochota visima upande wa Songwe watanielewa: nenda kwenye zile chemchemi za maji moto utazame mawe yaliyojengwa na maji yenyewe, halafu fikiria tundu la milimita 0.9 litachukua muda gani. Kingine kinachoziba ni sabuni ya unga. Ikorogee kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu mpaka iyeyuke, pitisha kwenye kitambaa cha kanga ndipo uimimine kwenye tangi. Tena punguza. Sabuni inayobaki inanata, vumbi linaipenda, na mteja atakuambia zulia siku hizi linachafuka haraka. Jioni kabla ya kufunga kazi, pitisha maji matupu dakika mbili. Chujio lililo nyuma ya nozeli lisiondolewe hata kama linakuudhi.

Mkono wenyewe unavyovutwa nao ni sehemu ya nozeli, kwa sababu mwendo wako ndio unaoamua kila mita ya mraba inapata maji kiasi gani. Tuseme unavuta mita 1.2 kwa sekunde nne. Kwa nozeli mbili za 02 unaweka kama lita 0.55 kwa kila mita ya mraba, na chumba cha gesti cha mita za mraba 12 kitakunywa lita 6 na nusu. Kwa nozeli zako za sasa ni karibu lita 10, kwa pampu ya shemeji karibu 16. Chumba kilekile, mwendo uleule. Kwenye mashine ya aina yako nozeli ziko nyuma ya mwanya, upande wa kwako, kwa hiyo bana kishikio ukiwa unavuta kuja kwako, maji yatangulie na mwanya uyafuate. Achia kishikio kiganja kimoja kabla hujafika mwisho, ili mwanya umalize maji ya mwisho usiyaache kama dimbwi dogo miguuni pako. Kisha rudia njia hiyohiyo mara mbili bila maji. Vijana wa kazi huchoka kurudia mara ya pili. Wasimamie, kwa sababu hiyo mara ya pili ndiyo inayokuondolea siku moja ya kukauka. Nozeli zikiendelea kudondosha matone baada ya kuachia, ni vali ya kishikio imechakaa, badili mpira wake.

Mota ya kuvuta sikuisahau. Weka kiganja kwenye mdomo: ushikwe kweli, kuondoa mkono iwe kazi. Kama unashikwa kwa huruma, tafuta mpira uliopasuka, kifuniko cha tangi kisichokaa, au waya wa umeme mwembamba na mrefu unaomnyima mota nguvu. Usianze kazi jioni ambapo umeme wa mtaa mzima umelegea. Kwa msimu huu, anza saa moja asubuhi, umalize kabla ya saa nne, fungua madirisha yote jua na upepo wa mchana vifanye kazi, funga saa kumi na moja kabla baridi haijaleta unyevu ndani. Kama ni Tukuyu kwenye mvua, mimi huwa naahirisha tu.

Kuhusu ile nyekundu, umeniambia umeipata duka la pembejeo. Ilikuwa mpya kwenye pakiti, au ilitoka kwenye bomba la mtu? Kama imewahi kupitisha dawa ya viazi, itoe leo, itupe, na lile zulia ulisuuze tena kwa maji matupu. Watoto wanatambaa juu ya mazulia, na waumini wanapiga magoti. Kama ilikuwa mpya, bado iondoe kwenye mkono: plastiki yake imekusudiwa presha ndogo kuliko nusu ya hiyo yako, na maji ya moto yatailegeza, tundu lipanuke bila wewe kujua. Lakini usiitupe. Nunua bomba jipya la mgongoni la lita 16 ambalo halijawahi kuonja dawa ya shamba, liandike kwa rangi "ZULIA" pande zote mbili, na uifunge nyekundu humo kwa ajili ya kunyunyiza dawa yako ya kwanza, ile ya kusubiri dakika kumi. Kwa presha ya bomba la mkono, pembe ile pana ya digrii 110 iliyokuharibia kazi inafunika zulia haraka na vizuri. Bomba na nozeli nzuri mbili vitakugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya ile pampu.

Pima chupa na sakafu kesho asubuhi, unitumie namba na picha kabla hujalowesha zulia lingine la watu. Na yule mwenye gesti, rudi kwake na mdomo mkavu umpitishie bure zile pembe za ukutani.